Dawa ya Ini Niliyomnunulia Mama

Ndugu msomaji, yako makosa ambayo mtu huyafanya kwa ghadhabu, kisha akajuta, akaomba radhi na mambo yakaisha. Na yako makosa ambayo mtu huyafanya kwa mapenzi, nayo ndiyo yakaayo moyoni muda mrefu, kwani hata ukiombwa uape utasema kwamba ulitaka heri. Kosa nitakalolieleza hapa ni la namna hii ya pili. Nimelieleza kwa idhini ya mama yangu mzazi, aliyeniambia, "Liandike, mwanangu, huenda likamfaa mama wa mwenzio."

Sisi ni wakazi wa Tukuyu, katika wilaya ya Rungwe, nchi ya mvua na baridi chini ya mlima. Mama yangu akaa upande wa Katumba, penye mashamba ya chai, na nyumba yake imezungukwa na migomba. Ni mjane wa miaka 60 na kidogo, na tangu utoto wangu namkumbuka akiamka usiku wa manane, akienda jikoni taratibu asituamshe, akinywa maziwa au akila kipande cha ndizi iliyobaki, kisha akirudi kulala. Nilidhani ni njaa. Baadaye ndipo nilipojua kwamba alikuwa akiungua chini ya kifua, hapa penye chembe ya moyo, na kwamba akitia chakula kidogo moto ule hupoa kwa saa moja au mbili, kisha huwaka tena.

Maumivu hayo kwetu yana majina mengi. Mmoja husema ni nyongo imepanda, mwingine husema ni ubaridi, na mwingine huapa kwamba ni ini limechoka. Jirani mmoja, mtu mwema asiyetutakia ila mema, ndiye aliyesema kuwa ni ini, akaongeza kwamba ini likisafishwa tumbo litatulia lenyewe. Neno hilo liliniingia. Siku chache baadaye nilipokuwa stendi nilimkuta mtu akiuza chupa za dawa huku akizitangaza kwa kipaza sauti. Alisema dawa ile husafisha ini, figo, damu na tumbo, huondoa gesi, na huleta usingizi. Sikumwuliza imetengenezwa kwa kitu gani, wala ni nani aliyeipima. Nilitoa fedha, nikaenda kwa mama nikiwa na furaha ya mtoto aliyetimiza wajibu wake.

Mama aliinywa asubuhi na jioni, bila kukosa siku, kwa sababu ilitoka mkononi mwangu. Chupa ya kwanza ilipokwisha nilinunua ya pili, na ya tatu, na ya nne. Katika muda huo huo magoti yalikuwa yakimwuma kwa baridi, naye alikuwa akituma mtoto dukani kununua vidonge vya diklofenaki, akivimeza na chai tupu. Hakuna aliyemkataza, maana vidonge vile vyauzwa kama njugu na kila nyumba inavyo.

Ndipo ilipoingia Ramadhani ya mwaka 2023, katikati ya masika. Mama alifunga kama desturi yake. Moto ulimzidi, lakini hakusema. Alichelea kwamba akisema ataambiwa afungue. Usiku mmoja tulipoamka kula daku alitapika kitu cheusi, chenye chengachenga kama kahawa iliyobaki chini ya kikombe. Dada yangu, aliyekuwa akimwangalia, akaniambia kwa sauti ndogo kwamba hata choo chake kwa siku mbili kilikuwa cheusi kama lami. Mama alitaka kusimama ili atawadhe, akaanguka.

Msomaji mpenzi, nakuomba uikumbuke alama hiyo: matapishi kama kahawa, au choo cheusi chenye kunata. Hiyo ni damu iliyotoka tumboni ikageuzwa rangi na asidi. Mgonjwa wa namna hiyo hangojwi mpaka kukuche. Tulimchukua katika mvua ile mpaka hospitali, wakamtundikia maji, wakasema kwamba damu imepungua mno na yahitajiwa nyingine. Mimi nilitoa, na aliyenifuata kutoa alikuwa jirani yetu, Mmoravian, mtu wa kanisa lake tangu babu yake, ambaye hakungoja kuombwa. Siwezi kuisahau hisani hiyo maisha yangu yote.

Baada ya hali yake kutulia kidogo, tulipelekwa Mbeya, mwendo wa kilometa 70 hivi, ili achunguzwe kwa mpira mwembamba wenye taa na kamera, unaopitishwa kinywani mpaka tumboni. Daktari aliyemwangalia alikuwa binti mdogo kwa umri. Alimwamkia mama shikamoo, akamshika mkono, akamweleza kila jambo kabla ya kulitenda. Alipomaliza alituonyesha picha. Palikuwa na kidonda mwanzoni mwa utumbo, mahali chakula kinapotoka tumboni. Alikata kinofu kidogo cha ukuta wa tumbo wakakipima, wakakuta humo bakteria waitwao Helikobakta pailori.

Kijidudu hiki yafaa kila nyumba ikijue. Kwa muda mrefu waganga wa dunia waliamini kwamba vidonda vya tumbo vyaletwa na fikira nyingi, pilipili na asidi tu, na kwamba hapana bakteria awezaye kuishi katika ukali ule wa tumbo. Mwaka 1982, katika mji wa Perth huko Australia, madaktari wawili, Robin Warren na Barry Marshall, walimwotesha bakteria huyu kutoka katika matumbo ya wagonjwa. Wengi hawakuwasadiki. Mwaka 1984 Marshall alikunywa mwenyewe maji yenye vijidudu hivyo, na baada ya siku chache tumbo lake likaumwa na kuvimba ndani. Mwaka 2005 wawili hao walitunukiwa Tuzo ya Nobel. Tangu mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani, kwa idara yake ya uchunguzi wa saratani, limekihesabu kijidudu hiki miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu.

Wala si mgeni kwetu. Wataalamu waliolinganisha vizazi vya bakteria huyu katika mataifa mbalimbali wameona kwamba alitoka Afrika ya Mashariki pamoja na wanadamu wa kale waliohamia kwingine, yapata miaka 60,000 iliyopita. Aghalabu huingia kwa mtoto mdogo kutoka kwa watu wa nyumba yake, kwa mate, matapishi, maji machafu au mikono isiyooshwa baada ya choo, kisha hukaa naye maisha yote asipotibiwa. Wengi walio naye hawaumwi kamwe. Mtu mmoja katika kumi hivi, au kupita kidogo, ndiye apataye vidonda, na wachache zaidi hupata saratani ya tumbo. Hujikinga na asidi kwa kujitengenezea amonia inayouzunguka mwili wake kama ngao.

Nilipokuwa nikiyasikia hayo moyo wangu ulianza kupoa. Nikasema, basi adui amejulikana. Lakini yule daktari alikuwa na karatasi nyingine mkononi. Akasema, "Vipimo vya ini la mama vimepanda kupita kiasi. Ini lake limeudhiwa na kitu."

Nikafurahi kwa ujinga wangu, kwani niliona kwamba yule jirani alisema kweli. Nikamwuliza kama bakteria huyu wa tumbo ndiye aliyepanda mpaka kwenye ini.

Alinijibu kwa mfano ambao kila mtu wa kwetu ataufahamu. Alisema damu yote itokayo tumboni na matumboni haiendi moja kwa moja kwenye moyo. Hukusanywa katika mshipa mmoja mkubwa na kupelekwa kwanza kwenye ini, kama vile mizigo itokayo Malawi isivyoweza kufika Tukuyu bila kupita forodhani Kasumulu. Ini hulikagua kila jambo: chakula, dawa, na sumu. Lifaalo hulipitisha, na lenye madhara hulivunja. Kwa sababu hiyo wataalamu wamejiuliza kwa miaka mingi kama uvimbe wa tumbo unaoletwa na bakteria huyu waweza kupeleka madhara yake kwenye ini. Uchunguzi mwingi umeona kwamba watu walio naye wana ugonjwa wa mafuta katika ini mara nyingi kuliko wasio naye. Uchunguzi mwingine haukuona hivyo. Na mambo mawili kuonekana pamoja si hoja ya kutosha kwamba moja ndilo lililozaa la pili. Huenda yote mawili yana asili nyingine, kama vile mwili kunenepa au hali ya maisha.

Akaendelea kusema kwamba kwa mtu ambaye ini lake limekwisha kuwa gumu na kusinyaa, jambo hili lina uzito zaidi. Mtu huyo hupata vidonda vya tumbo kwa wepesi, na kikitoka damu ni hatari kubwa kwake. Tena ini zima huiondoa amonia katika damu, lakini ini lililoharibika hushindwa, na ikizidi humchanganya mgonjwa akili. Kwa hiyo wako waliodhani kwamba amonia ya bakteria huyu yaweza kuongeza mzigo huo, ingawa majaribio hayakukubaliana. "Kwa hiyo," akasema, "nikikuambia kwamba bakteria huyu ndiye aliyeliharibu ini la mama nitakuwa nimekudanganya. Ini lina maadui wanaojulikana, na hao ndio wa kutafutwa kwanza."

Akawataja mmoja mmoja, nami nawaandika hapa kwa faida ya msomaji. Wa kwanza ni virusi vya homa ya ini, hasa aina ya B na C. Aina ya B ina chanjo, na watoto wachanga wa Tanzania wamekuwa wakichanjwa tangu mwaka 2002. Lakini sisi tuliozaliwa kabla ya hapo wengi wetu hatukuipata, na yafaa tukapimwe. Wa pili ni pombe, na hapo hapana haja ya kurefusha maneno katika kurasa hizi. Wa tatu ni sumukuvu, sumu ya ukungu uotao katika mahindi na karanga zisizokaushwa vizuri. Mwaka 2016 sumu hiyo iliwaua watu 20 hivi katika mikoa ya Dodoma na Manyara, ambako watu walikula mahindi yao wenyewe bila kujua. Basi sisi wa nchi ya mvua, ambao mahindi yetu hukauka kwa shida, tusione kwamba jambo hilo ni la wengine. Wa nne ni mafuta na sukari kupita kiasi, pamoja na mwili kunenepa. Wa tano ni kichocho cha tumbo kwa wakaao kandokando ya maziwa. Na wa sita ni dawa: parasetamoli ikizidishwa kipimo, na dawa nyingi za mitishamba ambazo hakuna ajuaye kilichomo wala kiasi chake.

Virusi vilipimwa, havikuonekana. Pombe mama hajapata kuionja. Ndipo yule binti akamgeukia mama akamwuliza kwa upole, "Mama, katika miezi hii umekuwa ukinywa dawa gani?"

Mama alinyamaza. Alinitazama mara moja, kisha akainamisha kichwa, akasema, "Za dukani tu, mwanangu." Alikuwa amelala na damu ya mtu mwingine ikimwingia mshipani, naye bado alikuwa akinisitiri mimi mbele ya daktari. Sikuweza kuvumilia. Nikasema, "Ni mimi. Nilimnunulia chupa nne za dawa ya kusafisha ini." Nikazieleza chupa, na vile vidonge vya magoti.

Hakunikemea. Alisema kwamba diklofenaki na kidudu kile wakikutana katika tumbo moja huwa kama watu wawili wanaobomoa ukuta mmoja, kila mtu kwa upande wake, na kwamba kidonda kilipasuka kwa ajili hiyo. Ama kuhusu ini, alisema hawezi kuapa kwamba chupa zile ndizo, lakini ziachwe zote, na ini litapimwa tena; likirudi katika hali yake tutakuwa tumepata jibu.

Aliandikiwa dawa za siku 14: moja ya kupunguza asidi na mbili za kuua bakteria. Siku ya sita maumivu ya miaka mingi yalikwisha. Mama akasema, "Alhamdulillahi, nimepona, tuvihifadhi vidonge vilivyobaki vimfae mwingine." Ndugu zangu, hapo ndipo nyumba nyingi huharibu kazi. Dawa ikiachwa nusu, bakteria walio dhaifu hufa, na wale wenye nguvu hubaki wakizaana, na safari ya pili dawa ile ile haiwawezi tena. Watafiti wa hospitali ya Bugando, Mwanza, wamekwisha kuonyesha kwamba bakteria hawa sugu wako nchini. Tulimsimamia mama akamaliza siku zote 14.

Yalitokea pia mambo mawili nyumbani ambayo si ya dawa. La kwanza, mke wa ndugu yangu, aliposikia kwamba ni ugonjwa wa kuambukiza, alimtengea mama sahani na kikombe chake. Hakukusudia ubaya. Lakini mama, aliyetulisha sote katika sinia moja, alikula peke yake jioni ile, kisha akasema kwamba hana njaa. Kesho yake nilimpigia daktari simu. Alisema kwamba katika nchi zetu zaidi ya nusu ya watu wazima wanaye bakteria huyu, na yamkini sisi wenyewe tunaye. Kinachotakiwa ni mikono kuoshwa kwa sabuni kabla ya kula na baada ya choo, maji ya kunywa kuchemshwa, choo kuwa safi, na mama asimtafunie mtoto mchanga chakula kisha akamtia kinywani. Tukarudisha sinia, na sabuni ikawekwa penye birika la kunawia. Sisi tunaotawadha mara tano kwa siku tusingengoja kuambiwa jambo hili na hospitali.

La pili lilikuwa saumu. Mama alilia kwa kukatazwa kufunga kuliko alivyolia kwa maumivu. Sheikh wetu alikuja kumzuru, akamkumbusha kwamba mgonjwa ameruhusiwa na Mola wake mwenyewe, na kwamba kuikataa ruhusa hiyo na kujiangamiza si uchamungu. Akamwambia siku zake zitalipwa afya ikirudi. Maneno hayo yalimtuliza kuliko dawa ya usingizi.

Baada ya wiki sita tulirudi. Kipimo cha choo kilionyesha kwamba bakteria wamekwisha. Na yafaa ijulikane kwamba kipimo hicho hufanywa angalau wiki nne baada ya kumaliza dawa, na kwamba kile cha damu hakifai kwa kazi hiyo, maana chaweza kuendelea kuonyesha alama za adui aliyekwisha kuondoka. Vipimo vya ini vilikuwa vimeshuka, na mwezi wa tatu vilikuwa sawa kabisa. Dawa ya ini, basi, yamkini ndiyo iliyokuwa ikiliudhi ini, nayo niliileta mimi kwa fedha yangu na kwa mapenzi yangu.

Katika miezi ya kipupwe, daktari alipomruhusu, mama alizilipa siku zake zote. Usiku haendi tena jikoni. Mimi ndiye huamka wakati mwingine, nikasikiliza, nikasikia kimya.

Enyi vijana mnaosoma kurasa hizi, wazazi wenu watameza kila mtakachowapa, kwa sababu mmekileta ninyi. Amana hiyo ni nzito. Mzazi akiungua tumbo kwa majuma, msimpe jina la ugonjwa ninyi wala jirani, mpelekeni apimwe. Asali na habasoda ni vyakula vyema, na awapendao avile, lakini visiwe badala ya kipimo. Vidonge vya maumivu visimezwe kila siku bila shauri la daktari. Na daktari akiuliza mgonjwa ametumia nini, mwambieni yote, hata lile mnaloona haya kulisema, kwani aibu yenu ya dakika moja ni ndogo kuliko ini la mzazi.

Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu, na atupe elimu ya kuyaongoza mapenzi yetu. Amin.